Kupanga usafiri wa mtaa unaokua: mwongozo kamili kwa watu wa Nakuru, Kisumu na pande za western

Msimu wa mvua, kama saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kwa kiosk ya steji yetu huku magharibi ya Nakuru utakuta gambuti zimepangwa chini ya kaunta, zingine zimefungwa pamoja na kamba ndo zisipotee. Mwenye kiosk hauzi gambuti. Ni watu wa mtaa wametoka kwa nyumba wakikanyaga matope mpaka barabara kuu, wakafika hapo wakavaa viatu vya kazi, wakaacha za matope, jioni wazichukue. Siku moja nikamuuliza, mama, leo umewekewa ngapi? Akaniambia, hesabu mwenyewe mwanangu, mimi nilichoka mwezi wa nne. Nikainama nikaanza kuhesabu, na hapo ndo nikajua shida yetu ilikuwa wapi, juu miaka yote tulikuwa tunaenda kwa vikao vya kaunti tukisema "barabara ni mbaya", na kila mtaa kwenye hicho kikao ulikuwa unasema hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuja na hesabu.

Hii nimeandikia mtu yeyote anayekaa kwa mtaa ulioota haraka, iwe ni Kiamunyi, Ngata, Barut, Mawanga, iwe ni Mamboleo au Riat huko Kisumu, ama zile senta za Vihiga na Kakamega zenye zimeshikana na barabara kuu. Si lazima uwe injinia. Unahitaji watu kama sita wa kuaminika, daftari, simu na subira ya karibu mwaka mmoja, na hiyo ya mwisho ndo ngumu.

Kwanza elewa mji wako unakua kuelekea wapi

Nakuru imebanwa. Kaskazini kuna Menengai, kusini kuna mbuga ya Lake Nakuru, kwa hivyo mji unanyooka mashariki na magharibi kufuata reli na ile barabara kuu ya A8. Reli ilifika hapa 1900 na mpaka leo mji umekaa umbo la hiyo reli. Kaunti nzima ilikuwa na watu 2,162,202 kwa sensa ya 2019, na Disemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji. Sasa fikiria watu wote wanaojenga Lanet na wale wa Ngata, wote wanarudi kwa laini moja wakitaka kuingia tauni. Mtaa ukiongezeka nyumba mia moja upande wa magharibi, anayeumia ni yule amesimama kwa foleni ya matatu karibu na tauni, si nyinyi peke yenu.

Kisumu nayo iko na ziwa upande mmoja, halafu mitaa kama Nyalenda, Manyatta na Obunga imezunguka mji wa zamani, na watu wengi huko wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Ndo maana mpango wa mtaa wa Kisumu ukianza na gari na uache njia ya miguu, umeanza vibaya. Kabla ya kitu chochote andika sentensi tatu: sisi tunaenda wapi, tunapitia wapi, na ni wapi penye tunabanwa. Hiyo ya tatu ndo yenye watu hukosea, wanasema ni kwa lango lao kumbe ni junction ya kilomita tatu mbele.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Nimeona watu wakipiga kelele kwa ofisi ya kaunti mwaka mzima juu ya barabara yenye si ya kaunti. Sheria ya barabara ya 2007 ilileta mashirika matatu: KeNHA wanashika barabara kuu za kitaifa kama A8 na ile A1 ya Kisumu kwenda Kakamega, KURA wako na barabara za kitaifa za mijini, KeRRA za kitaifa za vijijini. Zingine zote, yaani nyingi za mitaani, ni za kaunti. Katiba kwenye jedwali la nne imepea kaunti barabara zao, taa za barabarani, paking na usafiri wa umma.

Mtaa mmoja huwa na wenyewe watatu bila kujua. Barabara yenu ya ndani ni ya kaunti, inatoka kwa barabara ya KURA, hiyo nayo inaingia kwa highway ya KeNHA. Ukitaka kivuko ama tuta kwa highway, barua inaenda KeNHA, MCA, yaani mwakilishi wenu wa wadi kwa bunge la kaunti, hawezi kuweka hapo hata akitaka. Andikeni barua fupi kwa kila ofisi mkiuliza: barabara kutoka mahali fulani mpaka mahali fulani iko chini yenu? Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Jibu likija kwa maandishi, liweke salama, litawasaidia mbele juu kuna siku utaambiwa "hiyo si yetu" na mtu wa ofisi ile ile iliyosema ni yao.

Hatua ya 2: Hesabuni

Hapa msiharakishe, juu kila kitu huko mbele kinasimama kwa hii.

Chagueni sehemu moja ama mbili tu, ile junction kila mtu lazima apite. Siku za kuhesabu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, alafu muongeze siku ya soko na Jumapili moja. Jumatatu na Ijumaa huwa na mambo yake, watu wanasafiri, wanarudi ushago, hesabu inapotoka. Muda ni saa kumi na moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu, na saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Mkiweza, mfanye mara mbili kwa mwaka, kiangazi na kati ya Machi na Mei mvua ikinyesha, juu tofauti ya hizo mbili ndo itaonyesha vile matope yanafunga watu nyumbani.

Fanya daftari iwe na safu hizi: watu wa miguu wazima, watoto wa shule, baiskeli na mikokoteni, boda, tuktuk, matatu ya 14, basi ndogo, gari ndogo, lori. Kila dakika 15 unapiga mstari unaanza upya. Mtu mmoja anahesabu wanaoingia mtaani, mwingine wanaotoka, na wa tatu anawapumzisha, juu baada ya saa moja macho yanachoka na mtu anaanza kukisia. Wapeni chai. Mkiwa hapo muulize kila mtu wa kumi swali moja tu: unaenda wapi? Usiulize jina, usiulize pesa, hutapata jibu la kweli na si kazi yako.

Watoto wahesabuni peke yao. Nimesimama kwa hiyo junction nikaona kasichana ka darasa la pili ama la tatu, sweta imemfika magoti, anangoja lori ipite ndo avuke, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudi nyuma, akaanza upya, mara nne. Kwa daftari huyo ni mstari mmoja tu. Lakini mkiweka hiyo mistari pamoja na muionyeshe mtu wa ofisi, huwa hana la kujibu.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme asubuhi saa kumi na mbili mpaka saa moja mmepata watu 420 wanatafuta gari ya kuingia tauni. Matatu ya 14 inahitaji safari 30 kwa hiyo saa, yaani moja kila dakika mbili. Kama kwenda na kurudi pamoja na kupakia inachukua dakika 60, mnahitaji matatu 30. Jamu ikifanya hiyo safari iwe dakika 90, mnahitaji 45 kubeba watu wale wale. Tena hakuna mtu aliyeongezeka, ni jamu tu imekula gari 15. Mkileta basi ya abiria 33, safari ni 13 tu, na kwa zile dakika 60 basi 13 zinatosha. Na boda, kwa sheria ni abiria mmoja, kwa hivyo ni safari 420. Hiyo ndo hesabu yenye inafaa kuwa kwa ukurasa wa kwanza wa barua yenu, na mtu wa ofisi ataielewa kabla hajamaliza chai yake.

Hatua ya 3: Tembeeni na mchore

Chukueni picha ya mtaa kutoka Google Maps, muiprinti kubwa, alafu mtembee nayo. Mtu mzima anatembea karibu mita 80 kwa dakika, kwa hivyo mita 400 ni dakika tano. Chora duara la mita 400 kuzunguka steji. Nyumba zenye ziko nje ya hiyo duara ndo zinalipa boda kila siku, na hiyo boda huwa inakula nauli kuliko matatu yenyewe.

Weka alama shule, dispensari, soko, kanisa, msikiti, borehole, na zile njia za mkato. Njia ya mkato ni muhimu sana. Mahali watu wamekata nyasi kwa miguu mpaka ardhi ikawa ngumu, hapo ndo barabara yao iko, na ukiweka kivuko mita 200 kutoka hapo hakuna mtu atakitumia. Weka pia mahali maji yanasimama. Nakuru udongo ni wa volkano, mwepesi, maji yakipata mfereji mdogo leo, mwezi ujao ni korongo. Kano na Ahero ni kinyume, udongo mweusi unaovimba, maji hayaendi popote. Kwa hivyo usiige mtaro wa mtu mwingine bila kuangalia udongo wako.

Hatua ya 4: Shikeni nafasi ya barabara kabla nyumba hazijasimama

Hii inaniuma, wacha niseme. Mimi nilinunua ploti ya futi hamsini kwa mia kwa kampuni moja ya kuuza mashamba, nikaonyeshwa ramani ina barabara safi inatoka mbele yangu mpaka barabara kuu. Miaka miwili baadaye nikagundua ile barabara inaisha kwa ua wa jirani, juu shamba la pili liligawanywa na mtu mwingine na yeye hakuacha kitu. Ploti mia mbili na njia moja ya kutokea. Ambulensi ikija usiku inarudi nyuma mita 300.

Chukua karatasi ufanye hii hesabu na mimi. Barabara ya mita 9, vile wengi huacha wakijitahidi. Gari mbili kupishana zinataka mita 3 kila moja, hiyo ni 6. Njia ya miguu mita moja na nusu kila upande, hiyo ni 3. Zimeisha. Mtaro uko wapi? Nguzo ya stima iko wapi? Sasa chukua mita 12: mita 6 za gari, 3 za miguu, mtaro mita moja kila upande ni 2, inabaki nusu mita kila upande ya nguzo na bomba la maji. Tofauti ni mita 3, na kuzipata leo ni kuongea na majirani, kuzipata baada ya miaka kumi ni kubomoa.

Kwa hivyo: tafuteni ramani ya ardhi ya eneo lenu kwa ofisi ya ardhi, mlipe savea mwenye leseni (changeni, si wa mtu mmoja) aonyeshe bikoni, na mfanye mkutano wa watu wa hiyo laini pekee, si mtaa mzima. Barabara kuu ya mtaa, ile inaunganisha zingine zote, pambaneni iwe mita 12 ama zaidi. Zile ndogo zinazoisha kwa nyumba kumi zinaweza kubaki 9. Mtu akikataa kurudisha ua, usimfukuze kwenye grupu ya WhatsApp. Enda kwake na wazee wawili, umwonyeshe ramani, umwambie, mzee, siku nyumba yako itashika moto lori la zima moto litapita hapa. Kwetu walikubali wanne kati ya watano, na yule wa tano alikubali mkewe aliposhikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua.

Na shamba jipya likianza kugawanywa karibu nanyi, mwende kwa ofisi ya mipango ya kaunti mapema, juu kugawanya ardhi kunahitaji idhini yao chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Waulize kama barabara za shamba jipya zinaungana na zenu. Ni swali la dakika tano linalookoa miaka.

Hatua ya 5: Steji na matatu

Matatu haiingii ruti kwa kupenda. Inahitaji leseni ya NTSA, ile mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na mwenyewe lazima awe ndani ya sacco ama kampuni, alafu steji ndani ya mji inapangwa na kaunti. Kwa hivyo mkitaka gari mtaani, msianze na dereva mmoja rafiki yenu, nendeni kwa ofisi ya sacco na ile hesabu ya 420. Mwenyekiti wa sacco ni mtu wa biashara. Mwonyeshe abiria wa asubuhi, alafu mhesabu na mumwonyeshe na wa mchana, juu hofu yake ni kukaa steji masaa mawili akingoja gari ijae.

Steji yenyewe iwe mahali gari inaweza kutoka kabisa kwa barabara, na iwe baada ya junction, si kabla, ndo isizibe wanaokata kona. Taa iwepo. Kibanda kiwe na paa linalofika mbele, mvua ya Kisumu huja kwa pembeni. Na watu wa boda muwakalishe chini mapema, muwape sehemu yao iliyochorwa, wao ndo wanajua kila shimo la mtaa na mkiwaacha nje watapaki penye abiria anashukia. Chairman wa boda awe kwa kamati yenu tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: Fuateni kalenda ya pesa

Watu wengi hupoteza hapa. Wanaenda kwa kikao mwezi wa tano, wanaongea vizuri, wanapigiwa makofi, na bajeti ilishapangwa. Sheria ya kaunti ya 2012, kifungu cha 104, inasema pesa ya umma haiwezi kutengwa nje ya mpango. Kama barabara yenu haiko kwa mpango, hata mtu akiwapenda hana njia.

Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa bajeti, ile inaamua kila idara itapata ngapi, ni kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili, na ifikapo 30 Juni inapitishwa. Sasa rudi nyuma: barua yenu na hesabu zifike kwa ward admin, MCA na idara ya barabara Juni ama Julai, si Aprili. Aprili ni ya kuangalia kama mmeandikwa, na kwa jina gani. Tumewahi kuona barabara yetu kwa bajeti imeandikwa jina la wadi na "barabara mbalimbali". Hiyo "mbalimbali" inaweza kuishia popote, kwa hivyo ombeni iandikwe kutoka wapi mpaka wapi na urefu wa kilomita.

Juu ya hiyo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP. Huu wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027, na baada ya uchaguzi wa 2027 utaandikwa mpya. Hiyo nafasi huja mara moja kwa miaka mitano, jitayarisheni mapema. Kwa watu wa Kisumu, mji una mpango wake wa usafiri wa 2020 unaoweka watu wa miguu na baiskeli mbele. Utajeni kwa barua, muulize mtaa wenu umo wapi ndani yake.

Mkinyamaziwa, sheria hiyo hiyo ya 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani. Iwe kurasa mbili, si kumi, na sahihi ziwe na namba za vitambulisho.

Kitu kingine: kila lita ya petroli ama dizeli unayonunua ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, ilikuwa 18. Kwa hivyo mkiambiwa mtaa haulipi, wakumbusheni hiyo kwa heshima. Dere wa matatu yenu analipa kila siku.

Hatua ya 7: Mpaka wa kaunti

Kiboswa ni soko lililokaa kwa mpaka wa Kisumu na Vihiga. Maseno na Luanda vivyo hivyo, unatembea dakika chache umebadilisha gavana. Mtu anaamka Vihiga, anauza soko la Kibuye huko Kisumu, anarudi jioni. Hesabu ya kaunti moja haimwoni mzima, kila upande unaona nusu ya safari. Mkiwa hapo undeni kamati moja ya pande mbili, hesabu moja, barua mbili za maneno yale yale, kila kaunti ipate yake na nakala ya mwenzake. Kazi ya taka, mitaro na paking ya soko la mpakani huwa inasukumwa huku na huku, kwa hivyo andikeni waziwazi mtaro unaanzia kaunti gani na unamwaga kaunti gani.

Hatua ya 8: Mkandarasi akija

Siku tinga ikifika watu wanafurahi wanasahau kila kitu. Tafadhali msisahau. Ombeni kuona orodha ya kazi: urefu, upana, kalvati ngapi, mitaro wapi. Kalvati ya milimita 600 ndo ya kawaida, ikiwa nyembamba kuliko hiyo itazibwa na chupa na huwezi kuingiza koleo kuisafisha. Mtaro uchimbwe na uwe na mahali pa kumwaga, juu mtaro unaoishia kwa lango la mtu ni mafuriko yaliyopangwa.

Alafu kuna kipimo kimoja unaweza kufanya mwenyewe. Barabara ya marram lazima iinuke katikati kama mgongo. Funga kamba kwa kijiti katikati ya barabara, iguse chini, ivute mpaka ukingoni mita 3, uilaze sawa na pimamaji ya fundi, alafu upime kutoka kamba mpaka chini. Inafaa iwe kama sentimita 15. Ukipata sentimita 4, maji yatakaa juu ya barabara na mvua ya kwanza tu itaanza kuchimba. Pima sehemu tano, piga picha ya kila moja na futi ikionekana, mtume kwa injinia wa wadi kabla mkandarasi hajaondoa mashine. Akishaenda, amekwenda.

Barabara ikishafunguliwa, ngojeni miezi sita ndo watu wazoee, alafu mrudi kwa ile junction, daftari ile ile, saa zile zile, Jumanne mpaka Alhamisi. Mkute kama watoto wanavuka pale kivuko kiliwekwa, kama nauli ya boda imeshuka, kama gari sasa zinakimbia kuliko zamani na mnahitaji matuta. Na mpite kwa kiosk ya steji siku ya mvua muangalie chini ya kaunta, gambuti ni ngapi saa hii.